Wimbo wa Njiani na Amri ya Saba

Jumamosi moja asubuhi, katika darasa la kipaimara, tulifika amri ya saba. Kwa hesabu ya Katekisimo Ndogo, amri ya saba ndiyo inayokataza kuiba, na Martin Luther katika maelezo yake hakuishia kwa mwizi anayevunja mlango usiku. Alimtaja pia yule anayejipatia mali ya jirani kwa bidhaa ya hila na biashara ya udanganyifu. Tukawaambia watoto watoe mifano ya hapa kwetu Tabora. Wakatoa mingi: kuku wa jirani, mizani ya karanga iliyochezewa, asali iliyotiwa maji ya sukari, umeme uliounganishwa kinyemela. Kisha kijana mmoja wa benchi la nyuma akanyoosha mkono.

"Mchungaji, ile programu ya nota ya kwaya, ambayo kaka aliikopi kwenye flashi, nayo imo?"

Darasa likacheka. Sisi tulitabasamu kidogo, tukasema swali ni zuri na tutalijibu wiki ijayo. Waalimu wote wanajua maana ya kusema hivyo.

Katika maandishi haya "sisi" ni watu watatu: mchungaji wa usharika, ambaye ndiye anayeshika kalamu, mwalimu wa kwaya, na kijana anayepiga kinanda, ambaye ndiye kaka wa yule muuliza swali. Kila neno lililomo humu tumelisoma pamoja na kukubaliana. Palipo na kosa, lilikuwa letu sote, ingawa hatukulibeba kwa uzito sawa.

Swali la mtoto lilikuwa na jibu fupi. Ndiyo, imo. Programu ile ilikuwa moja ya zile kubwa zinazouzwa kwa fedha nyingi, na sisi tulikuwa na nakala iliyovunjwa kufuli na mtu tusiyemjua. Kwa miaka minne tulichapa kwa nakala hiyo nyimbo za sifa, za mavuno, za Pasaka. Tulipoanza kuulizana kwa nini hakuna aliyewahi kuona vibaya, tuligundua kwamba sote tulijua, ila kila mmoja alimwachia mwenzake kujua. Mchungaji alisema hayo ni mambo ya kompyuta. Mwalimu alisema hayo ni mambo ya kijana. Kijana alisema wakubwa wangemwambia.

"Tukiifuta," kijana alisema jioni ile ofisini, "nyimbo 31 zinakwenda nayo. Faili zake hazifunguki kwa programu nyingine niliyo nayo."

Tulikuwa na karatasi zake lakini. Tukaamua kuifuta, na nyimbo tuzichape upya kutoka karatasini, moja moja. Ilikuwa rahisi kuamua kwa sababu hatukujua kazi hiyo ingetupeleka wapi.

Hapo ndipo ilipoanza safari ya kuchagua programu nyingine. Tulichukua daftari tukaandika tunachohitaji. Kwanza, iwe halali, na usharika uimudu. Pili, ikubali kompyuta ya ofisi, ambayo ina umri kuliko baadhi ya wanakwaya. Tatu, iandike sauti ya wimbo, maneno chini yake, na kodi juu yake. Tunasema kodi za gitaa na kinanda, si zile za TRA. Nne, mwalimu wa mtaa wa mbali ambaye hana kompyuta aweze kuupata wimbo kwa simu yake. Tano, na hili lilitoka kwa mwalimu: kazi yetu ifunguke hata sisi tukiwa tumeshazikwa.

Programu za kulipia ni nzuri, hatutawadanganya. Sibelius, iliyotolewa mwaka 1993 na ndugu wawili mapacha wa Uingereza, na Dorico, iliyotolewa na Steinberg mwaka 2016, zinafanya kazi ambayo zamani ilihitaji mafundi wa kiwanda cha uchapaji. Bei zake, hata hivyo, zilikuwa nje ya mfuko wa kwaya yetu. Tukiwa bado tunapima, Agosti 2024, zikaja habari kwamba wenye Finale, programu iliyokuwapo tangu 1988, wametangaza kusimamisha kuiendeleza na kuiuza. Watu waliokuwa wameandika maisha yao yote ndani yake walianza kutafuta njia ya kuhamisha kazi zao. Mwalimu alisoma habari hiyo mara mbili, akapiga mstari chini ya hitaji la tano.

Mwaka huohuo, 2024, Walutheri walikuwa wanakumbuka miaka 500 tangu vitabu vya kwanza vya nyimbo vya Matengenezo, vya mwaka 1524. Cha kwanza kilikuwa kijitabu cha nyimbo nane tu. Mwaka huohuo Johann Walter akatoa Wittenberg kitabu cha kwaya chenye sauti nyingi, na Luther akakiandikia dibaji. Vitabu hivyo bado vinasomeka. Karatasi na wino havihitaji nywila.

Tulijaribu LilyPond, ambayo ni ya bure, na inatoa nota safi mno; lakini lugha yake ya kuandikia ilimfanya kijana arudi nyumbani kichwa kikimuuma. Tulifikiria kuandika maneno tu na kodi katikati ya mabano, kama wapiga gitaa wengi wanavyofanya kwa mtindo wa ChordPro. Huo unamfaa anayeujua wimbo tayari, na asiyeujua haumsaidii kitu. Tukajaribu MuseScore, ambayo pia ni ya bure, na ni bure ya halali, kwa kuwa waliotengeneza wameruhusu kila mtu kuitumia na kuigawa. Toleo la 3 lilikubali kompyuta yetu kuukuu. Unabonyeza nota, kisha vitufe viwili, unaandika kodi; vitufe vingine viwili, unaandika maneno. Kwa kuwa wanakwaya wetu wengi husoma sol-fa, tuliziandika d, r, m kama ubeti mwingine chini ya maneno. Hapo tulifurahi.

Ila hitaji la nne lilibaki. Mwalimu wa mtaa, kilomita nyingi porini, mwenye simu ndogo, hafungui faili ya MuseScore. Kijana ndiye aliyeleta jibu, na jibu lenyewe lilikuwa la ajabu kwa urahisi wake: muziki ulioandikwa kwa herufi za kawaida. Unaitwa ABC. Aliyeubuni ni Chris Walshaw wa Uingereza, kwa ajili ya nyimbo za wenyeji zinazopigwa vijijini, ambazo wapigaji walikuwa wakifundishana kwa sikio. C ni C, D ni D. Herufi ndogo ni ya juu zaidi. Tarakimu 2 baada ya herufi inaongeza urefu mara mbili. Na kodi unaiweka ndani ya alama za kunukuu mbele ya nota yake. Wimbo mzima unaingia katika ujumbe mmoja wa simu. Hata pasipo programu yoyote, mtu mwenye subira anaweza kuusoma kwa macho. Na kuna programu ya bure iitwayo EasyABC inayougeuza kuwa MusicXML, muundo ambao MuseScore inausoma. Kwa hiyo tukaamua: tutahifadhi kwa ABC, tutachapa kwa MuseScore. Tulimshukuru Mungu, tukanywa chai, tukadhani kazi imekwisha.

Wimbo wa kwanza tuliouandika kwa mtindo mpya ulikuwa ule wa mavuno. Ni lazima tueleze ulikotoka.

Mwaka uliotangulia, wiki ya mavuno, akina mama walikaa chini ya mwembe wa kanisa wakimenya karanga za mnada. Bibi mmoja, aliyepita miaka 80, alikuwa akiimba taratibu, na wenzake wakaanza kumwitikia. Kijana alitoa simu akarekodi. Mwalimu akaisikiliza rekodi hiyo usiku kucha. Ilikuwa sauti ya kiongozi na waitikiaji, ya tuni tano tu, yenye mwendo unaokufanya uinuke. Akaitungia maneno ya shukrani kwa mvua na mazao, akaongeza tena na besi, kijana akatia kodi, mchungaji akasaini barua ya kuupeleka kwenye mashindano ya uimbaji. Siku ya mavuno wimbo huo ulichangamsha mnada hata ndoo moja ya asali ikauzwa mara tatu, kila mnunuzi akiirudisha kuwa sadaka. Kwenye mashindano tulishika nafasi ya pili.

Sasa, katika ABC kila wimbo huanza kwa mistari michache ya utambulisho. X ni namba. T ni jina la wimbo. M ni mita. K ni ufunguo. Lakini kwa sababu mtindo huu ulitengenezwa kwa ajili ya watu wanaokusanya nyimbo za wengine, ipo mistari mingine pia. C ni mtunzi. O ni mahali wimbo ulikozaliwa. Z ni aliyeuandika. Na S ni chanzo: umeupata kwa nani.

Kijana alijaza: T, jina. C, jina la mwalimu. Z, jina lake mwenyewe. O, Tabora. Akafika S, akainua macho. Akauliza, "Hapa niandike nini?"

Hakuna aliyejibu. Ile programu ya zamani haikuwahi kutulazimisha kuliangalia swali hilo, na hatukuwahi kuliuliza wenyewe. Tulikuwa tumefuta programu ya wizi kwa toba na sala, na mkononi tulikuwa bado tumeshika kitu kingine ambacho mwenyewe hakujua kama kimechukuliwa. Tena huyu hakuwa kampuni ya ng'ambo. Huyu alikuwa anakaa benchi la tatu kila Jumapili.

Mwalimu alijitetea, na utetezi wake haukuwa wa uongo. "Maneno ni yangu. Sauti tatu ni zangu. Hiyo si kazi?" Tukasema ni kazi. Akasema nyimbo za asili hazina mwenyewe, kila mtu anachota. Tukakaa kimya. Mchungaji alikumbuka masomo ya chuo cha theolojia, ambako wanafunzi huwa wanasimuliwa kwa fahari habari za Makumira: jinsi Howard Olson, mmisionari kutoka Marekani, alivyokusanya sauti za makabila ya Tanzania na kuwahimiza wanafunzi wazitungie nyimbo za ibada, na jinsi Bernard Kyamanywa, akiwa mwanafunzi huko miaka ya 1960, alivyotunga wimbo wa Pasaka ambao leo unaimbwa Ujerumani na Marekani kwa lugha zao. Tunajivunia mtunzi wa maneno, na ni haki yake. Ni wangapi kati yetu tuliwahi kuuliza sauti ile ilitoka kinywani mwa nani?

Na si Afrika tu. Luther mwenyewe alipowatungia watoto wimbo wa Krismasi, kwanza aliuweka juu ya sauti ya wimbo wa mafumbo uliokuwa ukiimbwa mitaani, kisha mwaka 1539 ukapewa sauti mpya. Sauti ambayo dunia nzima inaijua kwa nyimbo za mateso ya Bwana ilianza kama wimbo wa mapenzi wa Hans Leo Hassler, mwaka 1601. Kanisa limechota sikuzote. Ila jina la Hassler limeandikwa, na mtu akitaka kulijua analipata.

Tulikwenda kwa Bibi siku ya Jumanne, watatu, na kompyuta.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, wanangu. Mwangaluka. Leo mmekuja na mashine, kuna nani anaumwa?"

Tukamwambia tumekuja kumsikilizisha wimbo wake. Kijana akabonyeza, MuseScore ikaupiga kwa sauti ya piano. Bibi alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameinamisha kichwa. Kisha akasema, "Huyu anayeimba hana mzigo."

Hatukuelewa. Akainuka, akachukua mchi wa kinu uliokuwa umeegemea ukuta, akauweka begani, akaanza kutembea uani huku akiimba. Ndipo tukaona. Sisi tuliuandika kwa mita ya nne, kwa sababu programu inakuuliza mita kabla hujaweka nota hata moja, na nne ndiyo tuliyoizoea. Miguu yake ilihesabu mbili, na vidole vyake juu ya mchi vilihesabu tatu. Wimbo ulikuwa unakaa kati ya hizo hesabu mbili, na mahali tulipoweka pumziko ndipo alipokuwa akihamisha mchi kutoka bega moja hadi jingine.

Alituambia aliupata kwa babu yake, aliyekuwa mpagazi. Babu alikwenda pwani kwa miguu kabla ya reli kufika Tabora, na reli ilifika mwaka 1912. Wakati wa vita ya Wajerumani, Tabora ilipochukuliwa na majeshi ya Wabelgiji Septemba 1916, alibebeshwa tena, safari hii bila kuulizwa. Kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo ni zaidi ya kilomita 800. Msafara ulichukua miezi. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, na frasila moja ni takriban kilo 16. Aliyetangulia aliitwa kirangozi, na mara nyingi ndiye aliyeanzisha wimbo ili wa nyuma wajue wa mbele bado yupo. Maneno ya Bibi yalikuwa yanauliza kama maji ya Tura yako mbali, kwa maana Tura ndiko walikoingilia Unyamwezi baada ya kuvuka nyika kavu ya Mgunda Mkali.

"Na humu ndani," aliendelea, akiionyesha kompyuta kwa kidole, "kuna wageni wawili. Babu hakuwakaribisha."

Kijana ndiye aliyegundua wageni hao, kwa heshima yake tunasema. Wimbo una d, r, m, s na l. Hauna f, hauna t. Lakini yeye, kama wapiga kinanda wengi, alitia kodi tatu zilizozoeleka, C, F na G. Ndani ya F kuna f. Ndani ya G kuna t. Kila mara kodi hizo zilipozunguka, sauti mbili ambazo wapagazi hawakuzitumia ziliingia nyumbani na kukaa. Bibi hajasoma nota maishani, lakini alizisikia zote mbili.

Kisha mchungaji akasema neno lililotuleta. Akaeleza kwamba karatasi ya wimbo ina jina la mwalimu pekee, kwamba tuliupeleka kwenye mashindano bila kumuuliza, na kwamba tumekuja kuomba msamaha. Mwalimu alikuwa anaangalia chini.

Bibi alikaa kitambo. Akasema, "Wimbo si wangu. Nilipewa. Lakini mngeniuliza."

Hayo tu. Tulitegemea kwamba angetuambia hakuna neno, wanangu, kama wazee wetu wanavyosema ili kutuondolea aibu. Hakusema. Badala yake alituuliza swali. Babu yake alimwambia kwamba naye wimbo aliukuta. Kwamba walioimba zamani, wengine walikuwa na pembe begani na posho yao mfukoni, na wengine walikuwa na mnyororo shingoni. "Hao wa mnyororo," alisema, "mmewaweka wapi katika shukrani zenu za karanga?"

Hatukuwa na jibu, na safari hii hatukusema tutajibu wiki ijayo.

Kilomita chache kutoka mjini, Kwihara, liko tembe alilokaa David Livingstone mwaka 1872, na leo ni makumbusho. Oktoba 1873 wapagazi walifika huko wakiwa wamebeba maiti yake, wakielekea Bagamoyo. Wawili walioongoza, Chuma na Susi, tunawajua kwa majina. Jacob Wainwright, aliyekuwa mtumwa na akapata elimu India, ndiye aliyesoma ibada ya maziko ya moyo wake kule Chitambo na kuchonga maandishi kwenye mti. Kwa sababu Wainwright alijua kuandika, tunajua mti, jina na siku. Wengi waliobeba hawakuandikwa, na nyimbo walizoimba njiani kwa miezi hiyo hazikuandikwa. Tumewapeleka watoto wa kipaimara kwenye tembe lile mara nyingi, na kila mara tumewaonyesha mahali alipolala Livingstone.

Hatukuondoka kwa Bibi na moyo mwepesi. Mwalimu alikaa siku tatu bila kuja mazoezini. Siku ya nne alikuja na barua aliyoiandika mwenyewe kwa waandaaji wa mashindano, akisema yeye si mtunzi wa sauti ile bali ameipanga tu, na kwamba nafasi ya pili waifikirie upya. Mchungaji naye aliandika yake, kwa kuwa saini ilikuwa yake. Waandaaji walijibu kwa upole na nafasi haikubadilika, lakini habari ilienea, na mwalimu alisikia maneno sokoni ambayo mtu aliyekaa kimya asingeyasikia. Ndiyo sababu tumesema hatukulibeba kwa uzito sawa.

Baraza la wazee lilipokea jambo hili kwa mjadala mrefu. Mzee mmoja alisema wimbo wenye mnyororo ndani yake haufai kanisani kabisa. Mwingine alisema Israeli waliimba habari za utumwa wa Misri hata baada ya kuvuka, na waliotundika vinubi vyao kando ya mito ya Babeli nao wamo ndani ya Zaburi. Hatukumaliza tofauti hiyo. Tulikubaliana mambo machache tu. Maneno ya mavuno yatafutiwa sauti nyingine. Sauti ya wapagazi irudishiwe maneno yake, Tura na maji yake, na ubeti mmoja wa mwalimu wa kumwomba Kristo, aliyebeba mzigo wake hadi Golgotha, awakumbuke wale ambao sisi hatuna majina yao. Uimbwe Jumapili ya mwisho wa mwaka wa Kanisa, tunapowataja marehemu.

Tuliuandika upya, kwa mita ya sita. Kuhusu kodi, tulikaa na kijana tukahesabu: kwa sauti tano hizo zinaweza kujengwa kodi mbili tu kamili za sauti tatu, C, yaani d, m, s, na Am, yaani l, d, m. Hizo mbili ndizo tulizobakiza, tena kwa waitikiaji peke yao. Juu ya sehemu ya kiongozi hakuna kodi yoyote. Mpiga kinanda anayeona nafasi hiyo tupu atadhani tumesahau, kwa hiyo tumeandika pale: hapa mtu anatembea peke yake, msubirini.

Mstari wa C sasa hauna jina. Mstari wa S una jina la Bibi na la babu yake; hatuyataji hapa kwa sababu aliomba yabaki kwenye wimbo. Jina la mwalimu lipo mahali pake, kama mpangaji wa sauti. Na chini kuna mstari wa N, wa maelezo, ambao kijana aliujaza kwa kusema kwamba wimbo huu uliimbwa pia na watu waliofungwa.

Jumapili ile Bibi hakuongoza wimbo, kifua kilimsumbua. Aliongoza yule mtoto wa benchi la nyuma, aliyekuwa ameshapata kipaimara, baada ya kwenda kwake kujifunza majioni mengi. Alikosea mara mbili mahali pa kuhamisha mzigo. Bibi alikuwa benchi la tatu, na mguu wake haukukosea.

Ndugu msomaji, pengine usharika wako hauna kompyuta wala kinanda, na habari za programu zimekuchosha. Lakini una wimbo, au dawa ya mizizi, au shamba, au hadithi ya mahubiri, ambayo mstari wake wa chanzo uko wazi. Tunakuomba uujaze wakati mwenyewe angali anaweza kukufungulia mlango. Msamaha wa Kristo ni wa bure kabisa, nasi tunauishi kila siku. Hata hivyo Zakayo aliyesamehewa alichukua mfuko wake akaenda kugonga nyumba za watu.

Nyimbo 31 tulizosema tuzichape upya, tumefika ya kumi na saba. Tunakwenda polepole, maana katika kila moja tunafika kwenye S, na inabidi mmoja wetu avae viatu aende kumtafuta mtu.